Matumba Yaliyokataa Kuoza

Mhunzi hashiki chuma cha moto kwa mkono. Hukishika kwa koleo. Koleo likivunjika, kazi husimama, moto hupoa, na mwenye haraka hudhani kwamba mambo yote yamekwisha. Wahenga waliikataa dhana hiyo. Walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, maana chombo ni kimoja na kazi ni nyingine: chombo huharibika, kazi hutafutiwa chombo kingine. Hawakusema kwamba kuvunjika huko hakuumi. Katika nyanda za juu za Ufipa, ambako malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, bado yamesimama maporini ingawa wahunzi wake wamekwisha kufa, methali hii inajulikana vizuri. Hadithi hii, hata hivyo, haihusu chuma. Inahusu nyasi, udongo, na mwanamke aliyeitwa Silvana.

Silvana alizaliwa na kuolewa karibu na Sumbawanga, kwenye baridi na mvua za kutosha. Mumewe alipofariki, alihamia katika ua wa shemeji yake, Alois, yeye na binti yake mdogo, Zita. Alois hakuwa mtu mbaya. Aliwapa pa kulala katika chumba cha jikoni, na hakuwanyima chakula. Lakini Silvana na Zita walikula baada ya wengine, walilima shamba la Alois, na ulezi waliouvuna uliingia katika ghala la Alois. Silvana aliishi hivyo miaka mingi, kama kinu: kitu cha kazi ambacho hakiulizwi maoni.

Mwaka wa 1974 ikaja operesheni ya vijiji. Familia zilizokuwa zimetawanyika mlimani zilipakiwa kwenye malori, zikateremshwa bondeni, mbele ya kijiji cha Muze, kwenye tambarare inayoelekea Ziwa Rukwa. Wapimaji walikuwa wamepaona mahali hapo mwezi wa Machi, katika mwaka wa mvua nyingi, nyasi zikiwafika kiunoni. Wahamiaji walifika mwezi wa Agosti. Walikuta ardhi nyeupe iliyopasuka kama kisigino cha mtu asiyejua viatu, upepo wenye vumbi la chumvichumvi, mti mmoja hapa na mwingine kule. Mzee mmoja aliteremka kwenye lori, akatazama pande zote, akauliza, "Na kijiji kiko wapi?"

"Mmekuja nacho," dereva akamjibu, akaanza kushusha mizigo.

Kijiji hicho kilipewa jina la Tupendane. Mwenyekiti wake, Zenon, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alipita na vigingi akigawa viwanja. Alipofika walipokuwa wameketi watu wa Alois, aliuliza wakuu wa kaya ni nani. Alois alijitaja. Kisha Silvana akasema, kwa sauti ya kawaida, "Na mimi."

Alois alimgeukia. Zenon alimtazama Silvana, akamtazama Zita, akapigilia vigingi vinne vya Silvana kando na vile vya Alois. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Silvana alikuwa na mahali ambapo mvua ikinyesha, inanyesha kwake. Tatizo ni kwamba mvua haikunyesha.

Msimu wa kwanza waliongozwa na bwana shamba, kijana aliyeitwa Anyelwisye. Alitoka Rungwe, ambako mvua hunyesha hata watu wakaichoka. Aliwaelekeza kulima mahindi kwenye matuta marefu yaliyonyooka, kama alivyosoma na kama babu yake alivyofanya. Matuta yalipendeza macho. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakanyauka. Mwaka huo kijiji kilikula unga wa njano wa msaada, ule ulioitwa yanga, na watu waliula kimya kama watu wanaokunywa dawa.

Mwezi wa Februari, katika mkutano wa kijiji, Silvana aliomba kusema. Ukoo wake ulijulikana mlimani kwa kilimo cha matumba. Kilimo hicho ni cha Wafipa tangu zamani: mvua zikiwa bado zipo, nyasi hukatwa na kulundikwa, kisha lundo hufunikwa kwa mabonge ya udongo yaliyogeuzwa, likawa kama kichuguu. Huachwa hivyo mpaka msimu unaofuata. Ndani yake nyasi huoza, zikawa udongo mweusi laini; hapo tumba hubomolewa, udongo husambazwa, na ulezi hupandwa.

"Ardhi hii imechoka," Silvana alisema. "Tuilishe kwanza. Tupige matumba shamba zima la kijiji."

Watu walikubali haraka, kwa sababu ndiyo kazi ambayo mikono yao iliijua. Zenon alimgeukia bwana shamba.

"Mimi kazi hii siijui," Anyelwisye alisema. "Lakini ya kwangu imeshindwa mkiiona. Siwezi kuikataa ya kwenu."

Nyasi hazikuwapo karibu. Walizikata chini ya mteremko wa milima, wakazibeba kichwani mpaka shambani, wiki baada ya wiki, jua likiwachoma utosini. Silvana ndiye aliyepita akikagua kila tumba, akipiga mgongo wake kwa bapa la jembe ili ukae mviringo. Watu walianza kumwita Mama Tumba, na wakati huo lilikuwa jina la heshima.

Desemba, mvua za kwanza zilipodondoka, kijiji kizima kilikusanyika shambani kubomoa. Silvana alipewa heshima ya kuanza. Aliinua jembe, akapiga tumba la kwanza ubavuni. Udongo ulianguka kando kama gamba la yai. Ndani hamkuwa na udongo mweusi. Mlikuwa na nyasi, kavu, za manjano, nzima kama zimekatwa jana, na mchwa wakikimbia huku na huku wakitafuta pa kujificha.

Alikwenda kwenye tumba la pili, akalipiga. Kisha la tatu. Nyuma yake watu walikuwa wakipiga ya kwao, na kila mahali lilikuwa jambo lile lile.

"Mama Tumba," mtu mmoja alisema hatimaye, "kumbe ulikuwa unatuwekea malisho ya ng'ombe. Sasa tuletee na ng'ombe."

Wachache walicheka, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kucheka vizuri. Silvana alihisi uso wake ukiwaka. Msimu mmoja angeusamehe mtu, lakini huu wa pili ulikuwa na jina lake. Waliusambaza udongo ule hivyo hivyo, wakapanda ulezi, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya. Ulezi uliota. Mwishoni mwa Januari ulikuwa umekauka.

Hapo akafika Katibu Tarafa. Hakufoka. Alizunguka shamba, akauvunja mche mmoja wa ulezi vidoleni kama njiti ya kiberiti, akawaambia watu kwamba msaada hauwezi kuendelea daima. Angerudi wakati wa mavuno. Akikuta shambani chakula, kijiji kingebaki. Asipokuta, Tupendane ingevunjwa na watu wangegawanywa kwenye vijiji vyenye uwezo.

"Tutagawanywaje?" Zenon aliuliza.

"Kwa jamaa. Kila ndugu na nduguze. Wajane wataandamana na walio wao."

Silvana alikuwa amesimama nyuma. Maneno hayo ya mwisho yalimwingia kama mwiba. Kwake kuvunjwa kwa kijiji kulikuwa na maana moja tu: chumba cha jikoni cha Alois.

Haikupita muda mrefu, Alois mwenyewe akaja. Alikuja jioni, jua likiwa bado halijazama, akasimama mlangoni akiwa amevua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristu, shemeji."

"Milele, amina. Karibu ukae."

Alois alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Nimeanza kufunga mizigo," alisema. "Mke wangu anasema usingoje siku ya lori. Uhamie kwetu sasa, tukajipange pamoja. Huko tutakakokwenda nitajenga jiko kubwa zaidi. Chumba chako kitakuwepo."

"Najua kitakuwepo, shemeji. Nilikaa humo."

"Ulikosa nini humo?"

Silvana alifikiri, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. "Sikukosa kitu," alisema. "Kila kitu kilikuwa chako tu."

Alois alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa fumbo. Akageuza macho pembeni, na huko nyuma ya nyumba akaona kitu. Miaka hiyo kampeni ya afya ilikuwa imemtaka kila mwenye nyumba achimbe choo. Silvana naye alikuwa amechimba, lakini kabla shimo halijapita magoti alikuta tabaka gumu kama chungu, jembe likaruka, akaliacha shimo. Halikutumika hata siku moja.

"Kile ni nini?"

"Choo."

"Choo kile? Hata kuku hawezi kujisitiri." Alois aliinuka, akakisogelea. "Na hicho ndani ni nini? Ulezi?" Alianza kucheka. "Shamba zima la kijiji limekauka, wewe shemeji unavuna chooni! Ngoja nikawaambie wenzangu. Mama Tumba ameacha matumba, sasa analima choo."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia, kwa kuwa kicheko kilikuwa kimekuwa adimu kijijini, akaaga na kuondoka.

Silvana hakucheka. Alikwenda akapiga magoti ukingoni mwa shimo. Baada ya aibu ya Desemba alikuwa amezitupa humo nyasi kavu za tumba lake mwenyewe, na juu yazo akamwaga takataka za ufagio na mabaki ya ulezi ya kwenye chekeche. Ulezi ulikuwa umeota humo wenyewe. Ulikuwa wa kijani. Aliingiza mkono chini ya mashina. Udongo ulikuwa wa baridi na unyevu, na nyasi zilizokuwa chini zilikuwa nyeusi, zinavunjika vidoleni. Alizinusa. Zilinuka kama mlimani.

Alikaa chini pale pale. Hakuhisi furaha, alihisi uchovu wa mtu anayegundua kwamba kazi aliyodhani imekwisha bado haijaanza.

Asubuhi alimleta Anyelwisye. Bwana shamba alichuchumaa, akachimbua kidogo kwa kidole, akachora mistari mavumbini.

"Mama," alisema, "kwenu mlimani mnainua udongo. Kwa nini?"

"Ili maji yasisimame. Yakisimama, ulezi unaoza miguu."

"Hata kwetu Rungwe. Matuta ni ya kutorosha maji." Alisimama, akatazama upande wa ziwa. "Hapa maji hayahitaji kutoroshwa. Mvua inakuja kwa pupa, inateleza juu ya ardhi ngumu, inakwenda zake Rukwa. Matuta yangu yaliielekeza njia. Matumba yako yaliipa mgongo, ikateleza kama kwenye mwavuli. Kijiji kizima hapa, mimi nikiwemo, tunajua kilimo cha watu wenye mvua."

"Sasa tumba lirudi chini," Silvana alisema.

"Ligeuzwe. Shimo badala ya kichuguu, nyasi ndani. Na tusipande ulezi peke yake. Muze kuna mtama wa muda mfupi; nitaomba mbegu."

"Mtama," Silvana alisema, kwa sauti ambayo Mfipa huitumia anapotajiwa mtama mahali pa ulezi. "Haya. Lete."

Mkutanoni mambo hayakuwa rahisi. Habari ya choo ilikuwa imekwisha kuenea, na Silvana aliposimama, vicheko vilimtangulia.

"Mwaka jana ulitubebesha nyasi, Mama Tumba," mama mmoja alisema. "Mwaka huu unataka tuchimbe. Mwakani utatuambia turuke?"

"Sijui mwakani," Silvana alijibu. "Mwaka jana nilikosea, na mgongo wangu unaukumbuka kama wako. Siwaambii kwamba hili litafaulu. Nawaambia kwamba humo shimoni udongo una maji, na shambani hauna. Anayetaka aje aguse."

Alois aliuliza kutoka nyuma, "Na lori likija tukiwa bado tunachimba?"

"Litatukuta tuna mikono michafu," Zenon alisema. Kisha akaamua, kwa namna yake ya maneno machache: hapana kulazimishana, anayetaka achimbe, anayetaka afunge mizigo. Karibu nusu ya kaya zilichimba. Alois hakuchimba.

Ilikuwa kazi ya kuchosha kupita zote walizowahi kufanya. Tabaka la juu lilikubali jembe. La chini lilitaka mtaimbo, na mtaimbo ulikuwa mmoja, ukizunguka kama kata ya pombe ngomani. Viganja vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena palepale. Watu waliacha kuzungumza wakichimba, kwa sababu mate yalikuwa ya kuhifadhiwa. Kitu kimoja tu hakikuwasumbua: nyasi. Zile zilizokataa kuoza juu ya ardhi zilikuwa bado zipo shambani, malundo kwa malundo, zikingoja. Walizijaza mashimoni, wakazifunika kwa udongo mwepesi, wakapanda mtama katikati na ulezi pembeni. Manyunyu ya mwisho wa Februari yaliziotesha mbegu. Baada ya hapo anga likafunga.

Machi ilikwenda bila tone. Miche ilisimama, haikukua, haikufa. Kila asubuhi Silvana alipita akitia kidole mashimoni, na kila asubuhi unyevu ulikuwa chini zaidi. Siku moja alirudi nyumbani, akakunja mikeka, akafunga vyungu ndani ya khanga, akaketi juu ya mzigo huo. Zita alimkuta hivyo.

"Mama, tunahama?"

"Nataka kuona uzito wake," Silvana alisema.

Aliunyanyua. Haukuwa mzito hata kidogo. Aliutazama kwa muda, akaufungua, akatoa chungu kimoja, akapika.

Mvua ilikuja siku ya pili ya juma lililofuata, mchana. Ilikuja na ngurumo kutoka kwenye milima, nene kama ukuta, ikapiga chini kwa hasira. Silvana alisimama mlangoni akitazama. Maji yalitiririka kwenye viwanja vya wale wasiochimba, yakajikusanya, yakawa kijito cha matope, yakashika njia ya ziwa kama yalivyozoea. Yalipofika kwenye mashimo, hayakupita. Yalizunguka, yakatulia, yakazama. Mvua ilipokatika, kila shimo lilikuwa na maji yake, kama mtu aliyeketi na sahani yake mwenyewe. Mwezi wa Aprili ikanyesha nyingine, ndogo kuliko hiyo. Zilikuwa mbili tu, na zilitosha.

Katibu Tarafa alirudi mwezi wa Juni, na lori nyuma yake. Mkononi mwake alikuwa na fimbo, na usoni alikuwa na sura ya mtu aliyekuja kumaliza jambo. Alipofika shambani alisimama. Mtama ulikuwa mfupi, haukufika kifuani, lakini ulikuwa na masuke. Ulezi ulikuwa umekunja vidole vyake kama ngumi za watoto. Hapakuwa na shamba la kupigiwa vigelegele. Palikuwa na madoa ya chakula katikati ya ardhi kavu.

"Nani aliwafundisha kilimo hiki?" aliuliza.

"Tulikosea mara mbili, Ndugu Katibu," Anyelwisye alisema. "Mara ya kwanza mimi, mara ya pili mama huyu. Hiki ndicho kilichobaki."

"Kitawafikisha wapi?"

"Tukibana matumbo, kitatufikisha mvua nyingine," Zenon alisema.

"Hakitoshi."

"Hakitoshi," Zenon alikubali. "Lakini kipo."

Katibu alitembea kati ya mashimo, akichokoa hapa na pale kwa fimbo. Aliporudi alisema maneno machache: alisema akikuta chakula kijiji kingebaki, na amekuta; basi kibaki. Anayetaka kwenda kwa jamaa zake, lori lile pale. Hakuna aliyeshangilia. Watu waliokuwa wamesimama tangu asubuhi waliketi chini, mmoja baada ya mwingine, kama mizigo inayotuliwa.

Kaya kadhaa zilipanda lori, na Alois alikuwa miongoni mwao. Hakuwa na shimo hata moja, na wa kwake walikuwa na njaa. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Alimkuta Silvana kando ya gurudumu.

"Twende, shemeji. Hutaishi hapa. Hapa ni jangwa."

"Ni jangwa," Silvana alisema. "Lakini nina shimo sijalimaliza."

Alimwinulia kikapu kilichofunikwa kwa jani. Ndani mlikuwa na ulezi, mpya, uliopepetwa. Alois aliutazama, akaelewa ulikotoka, na kwa muda hakujua auchukue kwa mkono gani. Miaka yote ulezi ulikuwa umetembea upande mmoja tu, kutoka mikononi mwa Silvana kwenda ghalani kwake, bila mwanamke huyo kuulizwa. Huu alikuwa akipewa.

"Umenipa mbegu?" alisema, akijaribu kutania.

"Ni wa kula njiani. Mbegu siwezi kukupa, nazihitaji."

Lori liliondoka na vumbi lake. Silvana alisubiri lipite, akachukua jembe, akarudi shambani, kwa kuwa udongo ulikuwa ukizidi kukauka na mashimo ya msimu ujao yalitaka kuchimbwa kabla haujawa mwamba. Zita alimfuata na mtaimbo begani. Mgongo ulimuuma Silvana, kama ulivyokuwa ukimuuma tangu Agosti ile, na ungeendelea kumuuma.

Mpaka leo watu wa tambarare ile hulima kwa kushusha nyasi chini badala ya kuzipandisha juu, na wageni wakiwauliza kijiji chao kilianzaje, hawataji lori wala vigingi. Hutaja siku matumba yalipobomolewa yakakutwa makavu. Siku hiyo koleo la Silvana lilivunjika mikononi mwake, mbele ya macho ya watu wote, na wengi waliona kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.